Ganzi ya Mwalimu

Watu wengine hukumbukwa kwa sauti, wengine kwa mwendo. Mwalimu mimi namkumbuka kwa meno, na msinicheke, kazi yangu ni meno. Nimekaa miaka kumi na mitano katika kliniki moja ya mjini Machakos nikichungulia vinywa vya watu, na nikikutana na mtu njiani huwa sikumbuki jina lake mpaka acheke. Nikisema namkumbuka mtu kwa meno yake, ujue huyo namjua sana.

Alitufundisha Kiswahili katika shule ya msingi iliyo upande wa Kyumbi, ukiacha lami ukafuata barabara ya vumbi. Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mwalimu, na mkewe naye sisi tulimwita Mama Mwalimu, kana kwamba naye hakuwahi kubatizwa. Alikuwa mfupi, mkavu, shati kalifunga mpaka kifungo cha juu kabisa hata katika jua la Januari. Na alikuwa na meno. Yote, meupe, yamepangana vizuri, na alijua kwamba tunayaangalia.

"Mimi nitazikwa na meno yangu yote thelathini na mawili," alikuwa akisema, darasani, harusini, hata matangani ambapo maneno kama hayo hayafai. Wanaume wa rika lake walitaka wajukuu wa kiume au ekari mbili za kuongeza. Yeye alitaka hilo tu. Mimi nilidhani ni mzaha wa mwalimu, ule wa kuamsha wanafunzi baada ya chakula cha mchana. Haukuwa mzaha.

Kwake yeye meno na Kiswahili vilikuwa kitu kimoja. Alituambia kwamba lugha inakaa kwenye meno. "Ukiwa kibogoyo, huna thamani, huna dhahabu, huna fedha, huna vitu," alisema, na akatutamkisha maneno hayo moja baada ya jingine, ulimi nje, mdomo wa chini chini ya meno ya juu, darasa zima likimtemea mate. Kwa wale waliosema "lafiki yangu" badala ya "rafiki", maana Kikamba chetu hakina hiyo herufi, alikuwa na dawa nyingine ambayo siku hizi imekatazwa na serikali. Lakini sijawahi kumwona akimpiga mtoto kwa sababu ya meno. Kwa meno alikuwa mpole, na huko ndiko matatizo yetu yalikoanzia.

Niseme kwanza kuhusu maji. Maji yetu yalitoka kwenye kisima cha pampu, maji mazito, yenye ladha ya chumvi, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Yana floridi nyingi. Floridi kidogo huimarisha jino, lakini ikizidi wakati meno ya mtoto bado yanajiumba ndani ya taya, yanatoka na madoa ya kahawia, na mengine yana vishimo. Doa hilo limo ndani ya jino lenyewe. Huwezi kulitoa kwa kusugua kama vile huwezi kuutoa weusi wa punje ya haragwe jeusi. Leo naweza kuyaeleza haya kwa dakika mbili nikiwa nimevaa glavu. Wakati ule hakuna mtu hata mmoja aliyetueleza, na sisi tulidhani meno ya binadamu ni ya kahawia na ya Mwalimu ndiyo ya ajabu. Yeye alihamia kwetu akiwa mtu mzima, meno yake yameshaota zamani kwa maji mengine.

Mwaka mmoja alitupeleka kwenye mashindano ya mashairi. Tulikuwa kumi na wawili, sketi zimepigwa pasi, na shairi tulilijua hata usingizini. Tulipofungua vinywa kwa ubeti wa kwanza, watoto wa shule za mjini waliokuwa viti vya mbele wakaanza kucheka. Mmoja aliuliza kwa sauti kama tumekula matope. Mwenzetu aliyekuwa mstari wa mbele akafunga mdomo na hakuufungua tena, akabaki akiimba kwa pua. Hatukushinda chochote.

Jumatatu asubuhi, kwenye paredi, alikuja na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa makaa yaliyosagwa pamoja na chumvi. Alikuja pia na miswaki, ile yenye nywele ngumu kama brashi ya kufulia viatu vya raba, mmoja kwa kila mtoto wa darasa lake, na hatukujua ameitoa wapi. Akatuambia kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto wake atakayeona haya kufungua mdomo mbele ya watu. Tulimpenda sana siku ile.

Tukasugua. Kila asubuhi, mistari miwili kando ya tangi la maji, kiwiko juu, kushoto kulia, kushoto kulia, yeye akipita nyuma yetu mikono mgongoni. "Nataka kusikia," alisema. "Mswaki usiosikika haujafika." Mswaki laini aliuita brashi ya kupakia watoto poda. Na msemo wake mkuu, ambao mpaka leo nikiutaja mbele ya waliosoma kule wanaumalizia, ulikuwa huu: jino ni sufuria, halisuguliwi kwa kubembelezwa. Tulitema mate meusi, halafu mekundu. Mekundu alisema ni uchafu wa zamani unaotoka.

Madoa hayakutoka. Tuliendelea miaka minne.

Sasa, huyo huyo mlinzi wa meno alikuwa akifungua chupa za soda kwa meno. Kwenye harusi watoto walimpelekea chupa kwa mstari, naye aliziuma moja baada ya nyingine, tak, tak, akatema vizibo kwenye kiganja, na Mama Mwalimu akiangalia pembeni kwa aibu. Alitukataza ukwaju. Ukikamatwa ukinyonya ukwaju au ukila embe bichi kwa chumvi na pilipili, ulisimamishwa na kuelezwa mbele ya darasa kwamba vitu vikali hutia meno ganzi. Alikuwa sahihi kabisa. Lakini yeye mwenyewe kila alfajiri alikunywa kikombe cha maji ya moto yaliyokamuliwa ndimu mbili, ya kusafisha damu, alisema, na akimaliza tu anashika mswaki wake mgumu. Ndimu hulainisha gamba la juu la jino. Ukilipa muda, hata nusu saa, mate hulirudishia ugumu wake. Ukilivamia na mswaki likiwa bado laini, unalikwangua. Alilikwangua kila siku ya Mungu kwa miaka isiyopungua arobaini, kwa bidii, akijisifu.

Alikuwa hivyo katika mambo mengi. Alikuwa mkali kwa sarufi na mzembe kwa saa. Alichukia uchafu lakini meza yake ya ofisini ilikuwa na vikombe vya chai vya wiki nzima. Alimfokea mtoto aliyesema "niko na njaa", akamsahihisha, "Nina njaa," akamsimamisha aseme mara tatu, kisha akampa muthokoi yake yote ya mchana, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na yeye mwenyewe akashinda bila kula. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, na mtoto mwenyewe alikuwa mimi.

Alipostaafu, tulimwingiza kwenye kundi letu la simu la waliosoma pale. Lilikuwa kosa. Mtu akiandika "poleni kwa msiba yenu", kabla rambirambi haijakauka Mwalimu ameshajibu: "Msiba WENU. Mungu awafariji." Mwenzetu mmoja alitangaza amepata mtoto, "watoto wangu imefika tatu", Mwalimu akampongeza na kumsahihisha kwa pumzi moja. Watu walilalamika kwangu pembeni. Hakuna aliyethubutu kumtoa.

Mimi nilijua habari ya mswaki nikiwa chuoni. Mhadhiri alituonyesha picha ya meno yaliyolika shingoni, pale jino linapokutana na ufizi, kila moja lina mfereji kama mti uliopigwa shoka mara moja na kuachwa. Ufizi umerudi nyuma, mzizi uko nje. Akaeleza kwamba jino chini ya gamba lake gumu lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, yanayoelekea kwenye neva. Gamba likilika au ufizi ukishuka, matundu yanabaki wazi, na baridi, utamu, ukali, hata upepo, vinapita humo moja kwa moja. Chanzo kimojawapo, akasema, ni kupiga mswaki kwa nguvu, kushoto kulia, na anayetumia mkono wa kulia huumia zaidi upande wa kushoto. Nikapeleka ulimi wangu upande wa kushoto. Mifereji ilikuwepo. Mimi nilikuwa nimeacha kula barafu tangu nikiwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilipoanza kazi wakaanza kuja. Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa Mutua, tuliyekaa naye dawati moja, siku hizi ni fundi wa pikipiki pale Kyumbi.

"Hii baridi itanimaliza, daktari," alisema. "Soda nimeacha. Ata nikiendesha pikipiki, upepo inaniingia kwa meno mpaka kwa kichwa."

"Unapiga mswaki namna gani?"

"Vizuri kabisa. Vile tulifunzwa." Akanionyesha kwa kidole, kiwiko juu.

"Basi shida ni hiyo."

"Shida gani?"

"Hiyo vile tulifunzwa."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka hewa ikamuuma meno akashika shavu. "Sasa nani atamwambia?"

"Mwambie wewe. Si pikipiki yake unaitengeneza wewe?"

"Mimi? Zii. Nimwambie Mwalimu amekosea? Ata kabla nimalize atanirekebisha Kiswahili."

Nilimjazia mifereji, nikampa mswaki laini na dawa ya meno ya watu wenye meno kama yake, nikamwambia akipiga ateme tu, asisukutue kwa maji, dawa ibaki kwenye jino ifanye kazi. Baada ya wiki sita alikuja kunionyesha kwamba anakunywa soda baridi. Alikunywa mbele yangu. Baada yake walikuja wengine, na nikafika mahali pa kumjua mtu wa shule yetu kwa mifereji ya upande wa kushoto kabla hajaketi. Nilianza kuwahesabu, nikaacha nilipofika arobaini.

Mwalimu mwenyewe hakuja. Na hapa nitasema lisilonipa sifa. Nilimwona mara nyingi katika miaka hiyo, kanisani na kwenye mazishi, na jicho langu ni jicho la kazi. Nilimwona alipoanza kunywa soda yenye joto, ile iliyokaa juani. Nilimwona alipoanza kutafuna upande mmoja. Alikuwa msomaji wa somo la kwanza kanisani kwetu, na watu walikuja mapema kumsikia. Jumapili moja akaacha, akasema macho yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima, maana alisoma makosa yetu kwenye simu bila miwani. Alianza kuongea mkono ukiwa mbele ya mdomo. Nilijua. Ningeweza kumwambia, "Mwalimu, njoo kliniki." Lakini angeniuliza sababu, na sababu niliijua, na nilikuwa mtoto wake aliyekula muthokoi yake. Niliogopa. Nilitibu shule nzima nikamwacha yeye.

Habari za ndani nilizipata kwa Mama Mwalimu. Alikuja akiwa na jino lake bovu, akang'olewa vizuri, na badala ya kuondoka akakaa pale kitini na pamba mdomoni, akinitazama. Alipoitoa pamba akaniita mama kwa Kikamba, akasema, "Mwaitu, Mwalimu wenu hapigi mswaki."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mwaka wa pili huu. Anaingia bafu na mswaki, anamwaga maji na kikombe ndio nisikie, anatoka. Mswaki nimeushika, ni mkavu. Akiamka mto uko na damu. Na mdomo…" Hakumalizia. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka mingi mno hata asiweze kuimaliza sentensi hiyo. "Anasema ukigusa ni kama waya wa stima. Na ukimwambia nimekwambia, utaona, sitarudi hapa."

"Hajaenda hospitali?"

"Ameenda. Walimpima sukari."

Ikabidi anieleze mara mbili, na baadaye Mwalimu mwenyewe alinieleza kwa hasira zake zote, kwa hiyo naijua vizuri. Alikwenda kwenye zahanati moja, akakuta kijana mpole, aliyetoka chuo juzi juzi.

"Shida ni gani, mzee?"

"Meno yangu yana ganzi," akasema Mwalimu.

Sasa neno hili. Kwa Kiswahili cha Mwalimu, meno yakishikwa na ukali au baridi yakasisimka, yametiwa ganzi. Ndivyo lilivyo katika kamusi, ndivyo alivyotufundisha tulipokamatwa na ukwaju. Lakini hospitalini ganzi ni ile ya sindano. Ganzi ni kutosikia kitu. Neno moja lina maana mbili, na moja ni kinyume cha nyingine, na kijana yule alijua moja.

"Ganzi? Yaani husikii chochote?"

"Nasikia mno."

Kijana akaandika kitu. Akamuuliza kama na miguu ina ganzi, kama anaamka mara nyingi kwenda haja. Mwalimu alijibu kwa ufupi, akiona maswali hayo hayana adabu. Akapelekwa kupimwa sukari, sukari ikawa nzuri, akapewa vidonge vya neva. Vikiisha anarudi kuchukua vingine, na kila mara anaulizwa kama ganzi bado ipo, na kila mara anasema ipo. Angesema tu kama watu wa soko, "Daktari, nikikunywa baridi meno inanishika," angetibiwa siku ile ile. Kila mgonjwa wangu husema hivyo, na wote nawaelewa. Mwalimu hakuweza. Hangekubali "meno inanishika" itoke kinywani mwake, hata kama kinywa chenyewe kinaoza.

Na kweli kilikuwa kinaoza, kwa sababu meno yenye ganzi ya namna hiyo hayaui mtu, yanamfanya aogope mswaki. Ukiogopa mswaki, utando wa uchafu unakaa, unakuwa mgumu, fizi zinavimba na kutoka damu, mzizi ulio wazi unatoboka upesi kuliko gamba, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliachia. Meno mazuri huanguka hivyo, bila hata kuwa na tundu. Nilimwambia Mama Mwalimu amlete haraka. Aliniambia mbuzi huvutwa kwa kamba, mwalimu havutwi.

Alikuja mwenyewe mwaka huu, Jumanne asubuhi, kofia mkononi, tai shingoni, kifungo cha juu kimefungwa. Aliketi kitini bila kuambiwa.

"Mbithe," akasema kupitia nyuma ya kiganja, "ng'oa yote."

"Mwalimu, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Ng'oa yote. Nitanunua ya bandia. Nimechoka."

Nilimwomba afungue. Sijui kama nilifanikiwa kuuzuia uso wangu, nadhani ndiyo, nimezoea. Meno yale yalikuwa yote thelathini na mawili, na kila moja la upande wa kushoto lilikuwa na mfereji wa kuingia ukucha. Fizi zilikuwa nyekundu, zinavuja kwa kuguswa tu. Meno mawili ya chini mbele yalicheza kama vifungo vinavyokaribia kukatika. Nilipuliza hewa kidogo kwenye jino moja, akashika mkono wa kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Hakupiga kelele. Chozi moja lilitoka, akalifuta na tai.

"Ganzi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni ganzi."

Akaniangalia. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza katika miaka miwili kumwelewa. Nikamwambia sitang'oa yote. Mawili ya chini hayashiki tena, hayo lazima yatoke leo. Mengine thelathini nitayasafisha, nitayajaza mifereji, nitayapaka dawa, na akifuata nitakayomwambia, mwezi ujao ataweza kunywa maji ya mtungi. Alisikiliza kila neno, uso umekunjamana, kama mtu anayetafuta kosa.

"Mawili yametoka, basi," akasema polepole. "Si yote tena."

"Si yote tena. Lakini thelathini, Mwalimu."

Kisha akauliza swali nililokuwa nimelikimbia tangu chuoni. "Nini kimeniletea haya? Na usinifiche. Mimi niliyatunza kuliko mtu yeyote."

Ningeweza kusema umri. Ningesema ndimu, na ingekuwa kweli, nusu yake. Mikono yangu ilikuwa tayari na sindano na nilitamani sana kufanya kazi tu. Nikaiweka chini.

"Ni mswaki, Mwalimu. Ile nguvu. Na makaa na chumvi. Uliyatunza mno."

Hakuonekana kushtuka. Alitazama taa iliyo juu ya kiti kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa inamwakia machoni.

"Na nyinyi?"

"Na sisi."

"Wote?"

"Wengi wamepita hapa. Wanaendelea vizuri. Nimewajazia."

"Na yale madoa?"

"Yalikuwa ya maji. Yasingetoka hata tungesugua mpaka leo."

Alifungua mdomo kusema kitu, halafu akaufunga, halafu akaufungua tena kabisa, kwa ajili ya sindano. Nikamchoma. Tulipokuwa tukingoja dawa ishike alijaribu kusema. Mdomo wa chini ulikuwa umeshalala, na neno lilitoka bila umbo, kama la mtoto anayeanza kuongea. Alijisikia mwenyewe, akatahayari, akajaribu tena, likawa baya zaidi. Nikamwambia asiongee, maneno ayaache. Nikayang'oa yale mawili, yalitoka bila kubisha. Nikamtia pamba mdomoni, nikamwambia aibane nusu saa, asile mpaka mdomo uamke asije akajitafuna, na arudi Alhamisi tuanze kusafisha. Alikubali kwa kichwa, akachukua kofia yake, akatoka.

Nikaendelea na kazi. Niliona wagonjwa wanne, mmoja mtoto aliyeniuma kidole. Nilipotoka kwenda kunawa, nikamkuta Mwalimu bado yuko kwenye benchi la ukumbini, pamba ameshaitoa, mkono hauko mbele ya mdomo. Alikuwa akijigusa mdomo wa chini na kujisemea taratibu, "Mama. Baba. Mbuzi. Mvua." Watu waliokaa karibu naye walikuwa wamesogea kidogo. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanionyesha kwa kidole nirudi ndani, kama tulivyorudishwa darasani zamani, nikarudi.

Saa saba kasoro wagonjwa wa asubuhi waliisha. Nilikuwa nikivua glavu aliposimama mlangoni, kofia kaishika kwa mikono miwili. Alipitisha ulimi kwenye pengo jipya. Ganzi ilikuwa imeisha, na kila herufi ilitoka mahali pake.

"Mbithe," akasema, "samahanini."

Nilikuwa peke yangu chumbani, na Mwalimu hajawahi kukosea wingi.